Wote Walimwona Isipokuwa Mimi

Jumatano moja ya Machi 1974 nilifiwa na mume wangu, kwa homa ya siku tatu. Alikuwa mwandishi wa habari, kwanza redioni tangu mwaka wa mapinduzi, kisha kwenye televisheni ilipoanza hapa Unguja. Kazi hiyo ya pili aliifanya miezi michache tu.

Redioni alikuwa akitumwa mashamba na mashine ya kurikodi begani, akirudi na vumbi mpaka masikioni. Nilikuwa nikimsikiliza jikoni, na sauti yake ya redioni sikuipenda. Ilikuwa ya mtu mwingine, mtu asiyewahi kupanga foleni ya mchele. Sisemi alisema uongo. Alisema aliyoandikiwa, kisha akija nyumbani akala muhogo wake kimya.

Televisheni ikataka na uso. Mashati yake yote yalikuwa meupe, na weupe uliwasumbua watu wa kamera, wakamkataza. Nikalichovya moja katika buluu ya kufulia, mara tatu, mpaka likashika rangi. Sisi wa mitaa ya Ng'ambo tulikuwa tukiangalia televisheni katika ukumbi wa mtaa, watu wamebanana. Nilikwenda mara moja, na siku hiyo hakuoneshwa. Akaniambia, "Utaniona tu, kwani nnahama?" Nikaona kweli. Sikwenda tena.

Alipokufa nilikaa eda nyumbani kwa mama mkwe, miezi minne na siku kumi. Mwezi wa pili wa eda wifi yangu aliingia mbio, buibui limemwanguka mabegani.

"Wifi, watamwonesha! Ile habari aliyokwenda kuichukua Makunduchi, ya maji ya mfereji. Leo, magharibi ikisha."

Nikasimama. Mama mkwe alifika mlangoni kabla yangu.

"Unakwenda wapi?"

"Ukumbini, mama. Nimwone tu, nirudi."

"Na eda?"

"Eda si yake yeye?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Unataka watu waseme mjane wa mwanangu kaiacha eda kaenda kutazama televisheni?"

Kisha akajitanda kanga, akaenda yeye na binti yake.

Ukumbi haukuwa mbali. Nilisikia kelele za watu, halafu zikakatika zote kwa pamoja. Nikajua ametokea.

Mama mkwe aliporudi alikaa kitandani na viatu vyake. "Kakonda," akasema. "Mwanangu alikuwa kakonda hivyo na hamkunambia."

"Lakini kacheka, wifi," binti yake akasema. "Maji yalipomrukia, kacheka kweli."

Mama yule nilikuja kumuuguza mpaka akafa mikononi mwangu. Jioni ile sijamsamehe. Hata muuza mkate aliyepita kesho yake alinipa pole ya pili, akaniambia shati lilimpendeza.

Nikamtuma wifi kituo cha televisheni akaombe wauweke ule mkanda mpaka nitoke eda. Akajibiwa, inshallah.

Nilitoka eda siku ya Jumapili. Jumatatu asubuhi tukaenda. Fundi aliyekuwa akifuatana na mume wangu mashamba alitupokea vizuri, akatuvutia viti, wala hakutuzungusha.

"Dada, mkanda ule tushaurikodia juu. Mikanda yetu michache, tunafuta tunatumia tena. Ilifika zamu yake."

"Lini?"

"Alhamisi."

Wifi akaruka. "Alhamisi hii iliyopita? Na mimi nilikuja hapa nikasema na nyinyi kwa mdomo wangu!"

"Ulisema na mwenzangu, bibie. Yeye kahamishiwa Pemba."

"Basi na ulimi wake kahama nao!"

Nikamwambia wifi anyamaze. Nikamuuliza fundi sasa mna nini ndani yake.

"Ngoma ya watoto wa skuli."

"Niwekee."

Alinitazama, kisha akauweka. Nilidhani labda mwishoni kumebaki kipande chake, mkono au neno moja. Watoto walicheza, wakapokezana, wakacheza tena. Walipoinama kuaga pakaja chengachenga nyeupe, nami nikaziangalia hizo pia, mpaka mkanda ukaisha na gurudumu likawa linazunguka bure.

Fundi akazima mashine. "Ndiyo hivyo, dada," akasema.

Nikamshukuru. Wifi akanishika mkono, tukashuka ngazi.