Simu Iliyonisalimia Mara Moja

"Hongera! Umehitimu." Simu ilisema hivyo saa moja na nusu asubuhi, ikapiga na kinanda kidogo, vikaratasi vya rangi vikawa vinamwagika kwenye kioo kama harusini. Mie wakati huo nilikuwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya banda langu la supu, Vingunguti. Makongoro, ile miguu ya ng'ombe ninayopikia supu, yalikuwa yameungua. Niliyasikia harufu toka yalipoanza kushika chini ya sufuria, na mkono ukakataa kwenda kuyatoa. Wateja wawili walikuwa wamekaa benchi, wakanusa, wakaondoka. Machozi yalikuwa yanatoka yenyewe, hata kulia silii. Simu ikaendelea: kwa siku arobaini umekuwa na hali nzuri, sasa unaweza kuendelea mwenyewe.

Nimepita kwenye makubwa kuliko sufuria kuungua. Lakini siku ile ndiyo naiweka juu ya zote. Maji yaliponitoa nyumbani nilikuwa na watu wa kuwalaani. Siku ile nilipewa hongera.

Nirudi nyuma kidogo.

Nilikuwaga nakaa bondeni. Mjumbe aliyetuuzia viwanja, mzee wa kofia safi, aliapa kwamba maji hayafiki pale. Yalifika. Nilikaa juu ya bati kutwa nzima, mie na mbuzi wa jirani, mpaka watu wakaja na kamba. Mume wangu alipoona tumebakiwa na masufuria mawili, akahamia Madale kwa mwanamke mwenye nyumba kilimani. Wote wawili, mjumbe na mume, wapo, wazima, wanakula. Majina yao siandiki kwa ajili ya wanangu, lakini nikiyasema kwa mdomo nayasema kwa sauti.

Kitu ambacho mpaka leo nakiwaza ni kwamba uzito wa moyo haukunijia kwenye mafuriko. Ulikuja baadaye, nimeshapata chumba, banda limesimama, wateja wapo. Chakula kikawa hakina ladha. Naamka, nakaa kitandani naangalia ndala zangu, nazihesabu kama ziko mbili kweli. Kichwa kikauma mwezi mzima, ndipo nikaenda zahanati.

Nesi alikuwa binti mdogo, anachechemea kidogo mguu wa kushoto. Akaacha kichwa, akaniuliza maswali kutoka kwenye karatasi. Akasema, "Mama, hii ni sonona. Ndogo, usiogope. Tuna mradi hapa, nakuwekea kitu kwenye simu."

"Dawa iko kwenye simu?"

"Mazoezi, mama. Kila asubuhi itakuuliza hali, halafu itakupa kitu cha kufanya. Na mie nitakupigia kila Alhamisi."

Mie niliishia darasa la nne. Simu ni ya binti yangu, aliniachia aliponunua nyingine, ina ufa toka pembe hadi pembe. Lakini nilikuwa na hamu ya kujua. Kitu hakinijui, hakijui bondeni wala Madale, kitanitoa vipi huku?

Asubuhi ya kwanza ikaandika: Habari ya asubuhi? Chini yake nyuso tano, kila mmoja na neno lake: Nzuri sana, Nzuri, Kawaida, Mbaya, Mbaya sana. Nikabonyeza Nzuri. Ile Nzuri sana niliona ni majivuno.

Basi ikawa hivyo kila siku. Inanisalimia, naiitikia, inanipa kazi. Kuna sauti ya dada mmoja ndani, anaongea taratibu kama mtu asiyedaiwa na yeyote, anasema: vuta hewa polepole, ijaze kifua. Mara ya kwanza niliifungulia pale pale bandani. Mwenzangu wa meza ya pili, mama wa Kimakonde anayekaanga chapati, akaacha mwiko hewani.

"Shoga, anasema tuvute nini?"

"Hewa."

"Ya hapa? Machinjio yako pale, upepo unakuja huku, halafu tuvute tujaze kifua?" Akacheka mpaka akashika meza. "Huyo dada hajawahi kufika Vingunguti. Mwambie aje, nitampa na chapati ya kuzibia pua."

Tulicheka wote, na kucheka kule nilikuwa nimekusahau. Halafu nikavuta hivyo hivyo, na harufu yake. Nisiseme uongo, kifua kililegea. Nikajiuliza inakuwaje pumzi ile ile niliyoivuta miaka yote, nikiambiwa niivute, inafanya kazi nyingine. Siku nyingine ikaniambia niandike jambo moja lililonipendeza. Nikaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja: mbwa kapata mfupa mkubwa kashindwa kuubeba. Ikanijibu: vizuri sana. Nikawa namtafuta yule mbwa kila siku nione kafikia wapi.

Kwa hiyo ilisaidia, kidogo. Ila kuna siku iligoma kusaidia, na siku hizo zikaanza kufuatana. Uzito ulikuwa unarudi, na kila asubuhi nikiulizwa habari nasema nzuri. Alhamisi nesi anapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Naona kwenye kompyuta uko vizuri!"

"Tunashukuru Mungu."

Anakata. Siku ya arobaini ndiyo nikahitimu, na Alhamisi iliyofuata simu haikulia. Iliyofuata, kimya.

Ningeweza kukaa hivyo. Kilichoniokoa ni udadisi, sitasema imani wala ushujaa. Nilikuwa nawaza: hiki kidude kimeona wapi hiyo furaha? Nikaanza kukibonyeza huku na huku, mwenzangu ananichungulia begani. Nikakuta sehemu imeandikwa Anza upya. Nikaibonyeza. Ikaja: Habari ya asubuhi?

"Bonyeza huu uso unaolia, tuone," akasema mwenzangu.

"Nitakuwa namwitikia mtu vibaya."

"Mtu yuko wapi? Bonyeza, shoga!"

Nikabonyeza Mbaya sana, huku naangalia pembeni kama naiba. Simu haikupiga kinanda. Ikaandika: Pole sana. Asante kwa kusema. Ungependa kuongea na mtu? Nikasoma mara tatu. Siku arobaini mlango ule ulikuwepo, mie napita mbele yake natabasamu.

Kesho yake tu nesi akapiga. Nikamwambia sitaongea kwenye simu, nakuja. Nilimkuta dirishani.

"Mama, mbona umeshuka ghafla? Ulikuwa vizuri siku zote."

"Sijashuka. Nilikuwa huku huku chini."

"Sasa si ulikuwa unabonyeza nzuri?"

"Ilinisalimia, nikaiitikia. Wewe kwenu mtu akiulizwa habari ya asubuhi anasema mbaya? Mie nilipofiwa na mama yangu, watu wakiniuliza habari za nyumbani nilisema nzuri, ila tumefiwa."

Nikamwambia, "Haya. Habari za kazi?"

"Nzuri, mama."

"Za nyumbani?"

"Salama tu."

"Na mguu?"

"Unaendelea vizuri."

"Na wewe mwenyewe?"

Akaangalia kalamu yake. "Ah, mama," akasema. "Tumechoka."

Nikamwambia, umeona? Ya nne hiyo. Ya kwanza ni adabu, ya pili ni adabu, ya tatu unaanza kulegea. Ukweli wetu unakaa huko nyuma, na anayeutaka anauliza mpaka aufikie. Simu yenu iliuliza mara moja ikaondoka na jibu.

Akasema yeye ameletewa tu, maswali yameandikwa ofisini, na walioandika hawaji huku. Akaniahidi atanipigia tena Alhamisi, na amenipigia, na sasa haanzi na kompyuta. Mie bado nina zile asubuhi za ndala. Naitumia simu, nabonyeza ninachokiona, hata kama naona aibu.

Lakini hesabu yangu ya watu wa kuwalaani imeongezeka. Mjumbe alijua maji yanafika, akasema hayafiki. Mume wangu alijua anakwenda wapi. Hawa wa tatu, walioandika maswali ya simu, siwajui sura. Ninachojua ni kwamba mmoja wao, mwenye kuongea Kiswahili kama mie, mwenye mama anayemsalimia kila siku, alikaa kwenye kiti akaandika Habari ya asubuhi, akaweka nyuso tano, akaona kamaliza. Wangapi wamehitimu kama mie, wamekaa juu ya ndoo? Nataka aje. Benchi langu lipo, supu ya moto ipo. Akae, nimuulize habari zake mara nne, halafu anijibu swali langu: ulijua tutasema nzuri. Kwa nini hukuuliza tena?