Kijiji Tulichokiacha Kwenye Kompyuta

Enzi zetu kompyuta ilikuwa na kitambaa chake. Nyie mliokulia migombani mnanielewa. Kilikuwa cheupe, mama alikifuma mwenyewe, kina maua ya njano pembeni, na kilikaa juu ya kompyuta kama ndugu zake walivyokaa juu ya redio, juu ya makochi na juu ya jagi la maji. Kabla ya kuwasha ulikikunja mara nne, ukakiweka juu ya Biblia, ukaenda kunawa mikono. Ndiyo, tulinawa mikono. Watoto wa leo wanashika simu kwa vidole vyenye mafuta ya chipsi, halafu wanashangaa kioo hakiwaitikii.

Yetu ilitoka kwa mjomba wa Arusha, kaka yake mama, baada ya ofisi yao kununua mpya. Ilifika kijijini kwetu Masama nyuma ya pikapu, katikati ya magunia ya pumba, imeviringishwa blanketi. Baba, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, aliipokea kwa sala. Wiki nzima majirani walipita kuiona, na mzee mmoja aliyesimama mlangoni muda mrefu aliuliza kwa upole inakula nini.

Ndani yake mlikuwa na gemu moja tu, la kujenga mji. Unapewa ardhi tupu, unaweka barabara, nyumba na maduka, halafu watu wadogo wanaanza kuhamia. Waliolitengeneza nadhani walitaka tujenge maghorofa. Mimi na kaka yangu Elia tulijenga Masama. Elia alikuwa na miaka kumi na minne, mimi kumi. Kila nyumba tuliizungushia miti ikawa kihamba, yaani nyumba ndani ya shamba lake, maana hatukujua kwamba duniani kuna watu wanaoishi bila migomba nyuma ya jiko. Mti mkubwa tuliuita mgomba, kichaka tukakiita kahawa, na mto tukauchepusha ukawa mfereji wa kupita kwa kila mtu. Mji ulikataa kukua. Kila mara mshauri wa gemu, mzungu mwenye tai, alijitokeza pembeni ya kioo kulalamika kwamba wananchi hawana kiwanda. Elia alikuwa anamjibu kwa sauti, "Wananchi wana ndizi, mzee, tulia."

Kulikuwa na mti mwingine, mwembamba, umesimama wima. Huo tukakubaliana ni isale. Baba, ambaye hakuwahi kushika kipanya hata siku moja, alisimama nyuma yetu na kikombe chake cha chai akituelekeza mipaka. "Pandeni masale pale," alikuwa akisema. "Kihamba bila masale ni kesi inayosubiri wenyewe." Mnaotoka kwingine huenda hamjui. Isale kwetu ni mpaka, na pia ni msamaha. Mtu akikukosea vibaya, huja na jani la isale mkononi. Hatoi hotuba. Analeta, nawe unalipokea, na neno limekwisha. Nilimwona baba mdogo akifanya hivyo alipomtukana babu kwa ajili ya mbuzi aliyeingia shambani. Alisimama mlangoni na lile jani, babu akalichukua, kisha wakala kiburu kwenye sahani moja. Kulikataa isale ni jambo zito, na wazee walisema anayelikataa hubaki na mzigo wa wote wawili.

Umeme nao ulikuwa na tabia zake. Ulikatika bila hodi, na kijiji kizima kikapotea na kila tulichojenga tangu mchana. Ndipo baba alipotupa usemi wake: "Aliyeanika kahawa haachi kuutazama mlima." Tulijua maana yake kwa miguu, kwa sababu mara ngapi tulikimbia kukusanya kahawa kwenye vitanda vya kuanikia, wingu likiwa limeshashuka hadi kanisani! Basi kila tulipopanda miti mitano, mmoja wetu alipiga kelele, "Mlima!" na mwingine akaseivu. Hadi leo nikiandika mtihani wa kidato cha pili nanong'ona "mlima" kabla ya kubonyeza. Walimu wenzangu wameshaacha kuniuliza.

Sasa nifike pale panapouma. Kijiji kilikuwa kimoja, lakini vihamba vilikuwa viwili, cha Elia na changu. Changu kilikuwa na nyumba ndogo nyekundu na zizi nililolijenga kwa vipande vya uzio, kipande kwa kipande, likizo nzima. Elia alikuwa amefaulu kwenda sekondari ya bweni na kichwa kilikuwa kimeshaanza kuvimba. Akaamua kihamba chake sasa kinahitaji lami. Siku moja nikiwa nimetumwa kukata majani ya ng'ombe, akajigeuza serikali: akapitisha barabara katikati ya nyumba yangu, akabomoa zizi, akang'oa kahawa yote, kisha akaseivu. Niliporudi nilikuta lami inang'aa. Hata alama ya X ukutani sikuwekewa.

Nililia mpaka kwikwi ikanishika. Unaweza kucheka, lakini mtoto wa miaka kumi ana mali gani nyingine? Baba alimchapa Elia fimbo mbili, akaifunga kompyuta chumbani kwake na kutia ufunguo mfukoni. Wiki mbili baadaye Elia aliondoka kwenda shule na sanduku lake la bati. Mama alinipikia machalari, chakula ninachokipenda kuliko vyote, akanibembeleza nitoke nimuage kaka. Nilikaa jikoni na sahani yangu. Nilimsikia getini akiuliza, "Aika hatoki?" Nikaendelea kula. Na kompyuta ile, hata baba alipoirudisha sebuleni, sikuigusa tena. Niliapa, na mimi nikiapa ni mbishi kama punda wa sokoni.

Hatukununiana, msije mkafikiri hivyo. Maisha yalitupitisha tu kila mmoja na njia yake. Elia akapata kazi Mwanza, mimi nikaolewa na kujenga Shirimatunda, hapo Moshi. Tulisalimiana misibani. Salamu nyingine zilipita kwa mama. Kila Krismasi alishuka stendi ya Moshi akapanda gari la Masama bila kukanyaga kwangu. Nilipohamia nyumba yangu alileta mtamba wa maziwa, mzuri sana, akamfunga getini, akasema ana haraka, akageuza. Niliumia. Nilisema moyoni kwamba kaka yangu amekuwa na maringo.

Mwaka huu nimenunua kompyuta mpya, na siku hiyo hiyo mama akanipigia kwamba anabadilisha makochi, hivyo niende nikaondoe "lile dude" sebuleni. Baba hayupo tena. Kahawa yetu imeng'olewa, mfereji umekauka, na pale palipokuwa na vitanda vya kuanikia sasa kuna parachichi. Ghafla nikakitaka kile kijiji, hata chenye lami katikati. Nilijua ni hapo tu ambapo mfereji bado unapita kwa kila mtu na baba bado amesimama nyuma yetu na kikombe. Nikapanda Masama na flashi. Kompyuta ilikohoa, ikawaka. Kwenye kioo niliiona ile picha ndogo ya gemu, nikainakili, nikamwambia mama, "Nimemaliza, fanya utakavyo," nikashuka kwangu nikijisifu.

Kwenye kompyuta mpya picha ile ilifunguka ikasema haioni kitu. Nikabonyeza tena na tena. Binti yangu Glori, wa miaka tisa, aliniambia bila kuinua macho kwenye simu, "Mama, si upakue jingine uanze upya?" Hiki ndicho kizazi chetu kipya. Wanafuta miji mitatu kwa siku na hawana hata mmoja wa kuulilia.

Asubuhi nikaenda kwa fundi Lema, Kiboriloni, kibanda cha tatu ukitoka sokoni. Ni mtu wa rika langu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimweleza nilivyoitoa picha Masama, akaangalia flashi yangu akatabasamu.

"Dada, ulichobeba ni kengele ya mlango. Nyumba umeiacha Masama."

"Sasa nyumba iko wapi?"

"Ndani ya lile boksi lenyewe, kwenye folda ya gemu. Gemu za zamani zilikuwa zinaficha vitu vyake humohumo. Niletee boksi zima, usihangaike na kioo."

Nikampigia mama. Mama akasema, "Hee! Si ulisema umemaliza? Mnunuzi wa vyuma chakavu yupo hapa uani, anapima."

Sijui nilimlipa nini yule wa bodaboda. Najua nilikuwa naongea mwenyewe njia nzima, mimi mwalimu mtu mzima. Nilipoingia uani, kompyuta ilikuwa imening'inia kwenye mizani, imefungwa kwa waya pamoja na sufuria lililotoboka na pasi ya mkaa. Nikaikumbatia. Yule kijana wa vyuma akaniuliza kama kuna dhahabu ndani. Mama alinitazama kidogo, halafu akaenda chumbani akarudi na blanketi, tukaiviringisha kama ilivyokuja.

Fundi Lema aliifungua, akapuliza vumbi, akatoa mende wawili waliokwisha kukauka, akaunganisha waya zake. Alipofika kwenye folda alisita. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kuna mafaili mawili," akasema. "La kwanza ni KIJIJI. La pili limeandikwa ISALE." Alinigeukia, na sauti yake ilishuka. Ni mtu wa Machame, hakuhitaji kuelezwa. "Dada, kuna mtu alikukosea?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akahamisha yote mawili kwenye kompyuta yangu mpya, akaweka na gemu lenyewe kutoka kwenye sidii aliyoichimbua chini ya droo, kisha akanisogezea kiti na kwenda kusimama nje.

Nilifungua la pili. Lami ilikuwa imeng'olewa, yote, hadi mlangoni kwa Elia. Nyumba yangu nyekundu ilikuwa pale. Zizi lilikuwa pale, vipande vya uzio kimoja kimoja, hata lile pengo nililoliacha kwa makosa upande wa mfereji alikuwa ameliacha hivyo hivyo. Kahawa imepandwa upya. Na mbele ya mlango wangu, mahali ambapo hakuna mpaka na mti hauna kazi yoyote, ulisimama mti mmoja mwembamba, wima.

Nililia Kiboriloni mchana kweupe, muuza vitunguu akiniangalia. Nilimpigia Elia.

"Kaka, hili isale uliliweka lini?"



"Asubuhi ile naondoka," akasema. "Nilimwomba baba ufunguo. Alinisubiri nje mpaka nikamaliza, karibu gari liniache. Nikamwomba asikwambie, kwani isale linatangazwa? Nikajua ukifungua utaliona."

"Sikufungua, kaka. Sikuwahi kufungua tena."

"Hukuliona?"

"Nimeliona leo. Sasa hivi."

Nilisikia akivuta pumzi. "Aika, mimi nilijua umelikataa. Nilirudi likizo ya kwanza, hukusema kitu. Ya pili, hukusema. Nikasema basi, amekataa, na ana haki. Ndiyo maana nilikuwa naogopa kuingia kwako. Mtu uliyemletea isale akalikataa, unaingiaje kwake?"

Nikamkumbuka yule mtamba wangu amefungwa getini, na kaka yangu akigeuza mgongo. Miaka ishirini na kitu nilimwita mwenye maringo, kumbe alikuwa amesimama mlangoni kwangu muda wote akingoja nifungue. Nilimwambia maneno ambayo babu hakuwa na haja ya kuyasema, kwa sababu babu alikuwa na jani la kupokea mkononi na mimi nilikuwa na simu tu. Nikasema, "Nimelipokea." Akanijibu kwa Kichagga, asante tu, neno ambalo kwetu ndilo hilo hilo jina langu. Halafu tukaachana haraka kama watu walioshikwa na aibu.

Siku hizi mambo yamekuwa mepesi. Glori akigombana na mwenzake wanatumiana kikatuni kinacholia, dakika haijaisha wameshapatana, na kesho hawakumbuki walichogombania. Siwabezi. Ningekuwa na kikatuni kama kile ningeokoa Krismasi ishirini, na baba angetuona kwenye meza moja kabla hajaondoka. Hilo la baba ndilo linalonikaba. Alikaa na siri yetu hadi mwisho, akiamini kwamba binti yake siku moja atawasha. Lakini namtazama Glori akifuta miji yake, najiuliza ni nini atakachokikuta baada ya miaka ishirini, kimehifadhiwa na mtu aliyemjua hata pengo la zizi lake.

Krismasi hii Elia alishuka stendi akaja moja kwa moja Shirimatunda. Nilikuwa dirishani, nikamwona amesimama kidogo pale getini, pale alipomfunga yule mtamba, kisha akasukuma geti akaingia. Mama alikuwa ameshafika tangu jana, na kompyuta yangu mpya alikuwa ameivika kile kitambaa cheupe chenye maua ya njano. Elia alikitazama. Alikichukua, akakikunja mara nne, akatafuta Biblia ilipo akakiweka juu yake, halafu akaniuliza maji ya kunawa yako wapi.