Jiwe Langu la Kusugulia Vyungu

Mimi Consolata Awuor aibu yangu naisema mwenyewe, kabla fundi Omollo hajaisema, maana akiisema yeye ataongeza chumvi.

Mjukuu wangu Akinyi ana karakana nyuma ya nyumba hapa Migosi, anatengeneza bushi, vile vyuma vya mviringo vya ndani ya pampu, na havichongi, hapana, anamwaga unga wa chuma ndani ya kalibu, mashine inaushindilia mpaka unashikana, halafu ndiyo kitu kinaingia tanuru kichomwe kiwe kigumu. Nilipoona hivyo nikasema hii ni kazi yangu tu, kwa sababu nimefinyanga vyungu tangu usichana, na chungu kabla ya kuchomwa unakilowanisha, unakisugua na jiwe laini mpaka king'ae.

Sasa siku hiyo Bwana Kirit, mwenye kiwanda cha pampu, alikuwa anakuja kuamua kama atampa Akinyi kazi. Akinyi na fundi wake Omollo wakatoka kumpokea barabarani, nikabaki na trei ya bushi ambazo hazijachomwa, zimepauka kama majivu, nikaona aibu kwa niaba ya mtoto. Nikatoa jiwe langu (natembea nalo kwa mkoba, chekeni tu), nikalichovya majini, nikasugua bushi moja. Ukingo ukamomonyoka kama biskuti. Badala ya kuacha, nikakanda unga wa chuma na maji nikaziba, vile tunaziba ufa wa chungu, nikagusa na ya pili ili zifanane, na nyingine, mpaka trei nzima ikawa tope.

Wakaingia. Bwana Kirit akainua moja, ikamvunjikia kwenye shati jeupe.

"Nani amefanya hii?" akauliza polepole.

Nikafungua mdomo niseme ni mimi, nyanya yake. Akinyi akaniwahi.

"Ni mama wa kufagia, Bwana. Hajui kitu."

Omollo akatazama viatu vyake. Mimi nikachukua ufagio nikafagia (ningefanya nini?), na Bwana Kirit akanipisha akisema, "Pole, Mama."

Kazi Akinyi alipewa, na najua ni ule uongo uliompatia, maana kosa likawa la mfagiaji, si la karakana. Jioni akaniita Dani, yaani nyanya, kama kawaida, akaniwekea samaki mkubwa kuliko wake.

Jiwe nimelifunga kwenye leso, halitagusa tena kitu cha mtu. Na siku hizi wageni wakija karakana, nashika ufagio mapema, kabla Akinyi hajalazimika kusema mimi ni nani.