Mke Mwenye Funguo

Wenzangu, nilitamani sakafu ya Jeddah, nilikofanya kazi za ndani, inimeze. Kwa Kiingereza changu cha masomo ya jioni nilitazama filamu ya zamani ya Waingereza: mke anamwogopa mumewe, na bado anampenda. Nililia machozi ya kujaza ndoo. Kesho yake, nikipiga pasi, nikamsimulia rafiki yangu wa Riyadh kwa simu, nikijifanya huyo mke: “Funguo ninazo! Kesho natoroka nyumba hii!” Bibi, mama wa bosi, alikuwa kando na tasbihi yake. Sikumjali; Mwarabu yule angejuaje Kiswahili?

Jioni madam, mke wa bosi, akaninyang'anya simu. “Halas, basi! Unataka kutoroka? Utarudishwa Kenya!”

“Madam, wallahi ni filamu!”

Bibi akamnyamazisha, akaniambia kwa Kiswahili kitamu kuliko changu: “Nilizaliwa Mombasa, mwanangu; mimi ndiye niliyemwambia. Hebu niambie, huyo mke ana funguo mkononi, mbona anangoja kesho?”