Kisu cha Baba na Hotipoti ya Shangazi

Baada ya kiharusi, adui mkubwa wa baba yangu alikuwa mtori.

Nasema hivi nami nimelelewa kwa huohuo mtori, supu yetu nzito ya ndizi na nyama. Lakini baba alipolala mzima akaamka mkono wa kulia umekufa, nyumba yetu kule juu mlimani kihambani, katikati ya migomba ya ukoo, iligeuka mgahawa. Shangazi, dada yake baba, aliacha meza yake ya nguo sokoni Kiboriloni, akapanda na hotipoti. Akina mama wa jumuiya ya kanisani wakaja kwa zamu. Kila aliyeingia alikaa kando ya kitanda, akachota, akapuliza, akamlisha. Baba alifungua kinywa tu. Mkono wa kulia ulilala juu ya blanketi, hakuna aliyeuuliza chochote.

Dada wa mazoezi ya viungo kule hospitali alikuwa ametueleza vizuri kabisa. Kipande kilichokufa kwenye ubongo hakifufuki, alisema, ila sehemu zilizobaki hai zinaweza kujifunza kazi yake. Hazijifunzi kwa kukandwa mafuta. Zinajifunza mkono unapojaribu, ukashindwa, ukajaribu tena. Kwa hiyo kila siku kwa muda tuufunge mkono wa kushoto, ule mzima, ili mgonjwa alazimike kuutumia ule mwingine. "Ubongo ukiuzoesha kubebwa, unazoea," alisema.

Nikachukua soksi nene, nikamvisha baba mkono wa kushoto na kuufunga kwa kitambaa. Shangazi akaingia.

"Umemfunga baba yako kama mbuzi wa mnadani?"

"Shikamoo, shangazi. Ni mazoezi."

"Marahaba. Mgonjwa haulizwi uji. Wewe unataka ajipikie?"

Akaifungua ile soksi, akaikunja vizuri, akaikalia. Mama alikuwa mlangoni. Alituangalia wote wawili, akarudi jikoni, kwa kuwa ndivyo mama anavyokubaliana na kila mtu.

Laiti ingekuwa kijiko tu, ningewaachia. Lakini Krismasi ilikuwa inakuja. Kwetu Krismasi ukoo wote unapanda mlimani, mbuzi anachinjwa, na mkubwa wa ukoo, ambaye ni baba, anakata nyama na kumpa kila mtu kipande chake. Kila kipande kina mwenyewe, na mkono wa kushoto haumpi mtu nyama. Kisu kikimshinda baba, kitakwenda kwa baba mdogo, na kikishakwenda hakirudi. Baba alilijua hilo kuliko sisi.

"Wakinichukulia kisu," aliniambia siku moja tukiwa wawili, "nitakuwa mgeni kwangu."

"Basi kataa kulishwa, baba."

"Nitamkataaje dada yangu?"

Nilitoka nje, nikaupiga teke mgomba usio na kosa.

Nikahamia kihambani, nyumba yangu ya mjini, Shirimatunda, nikaiachia panya. Asubuhi, kabla wageni hawajafika, nilimfunga mkono na kumwekea bakuli. Mtori ulikwenda kwenye shati, kwenye shuka, siku moja ukutani. Baba alinitukana kwa Kichagga, maneno ambayo sikujua kama anayajua. Nami nilimjibu, Mungu anisamehe. Tulichokana kabisa. Hakuna aliyeniambia kwamba kupona kunakera namna hii, kwamba leo kidole kinakunjika na kesho kimesahau, na unaanza tena kama vile jana haikuwapo.

Kisha siku moja shangazi alipopeleka kijiko, baba alifunga mdomo na kugeukia ukutani. Shangazi akalia. Akabeba hotipoti yake, akashuka, na mimi hakunisemesha hadi Krismasi.

Siku ya siku watu wakajaa uani. Majani ya migomba yakatandikwa, mbuzi akaletwa amekwisha kuchunwa. Baba mdogo alikuwa ameshaanza kukohoa kama mwenye nyumba. Baba akashika kisu kwa mkono wa kulia, akaanza kukata. Nyama ambayo zamani angeimaliza kabla pombe ya mbege haijafika ilichukua mchana wote. Watoto wakalia njaa. Vipande vilitoka vimepinda, vingine ni mfupa mtupu. Shangazi alipewa kitu kisichoeleweka ni paja au ni shingo, akakipokea kwa mikono miwili na kusema asante kaka, kisha akanitazama kwa hasira kama kawaida.

Zamu yangu ilipofika, mkono wa baba ulikuwa umechoka. Vidole viliachia, kipande changu kikaanguka kwenye vumbi. Nikainama haraka kukiokota.

"Acha," baba alisema.

Akainama mwenyewe. Vidole vilikigusa, vikakikosa, vikakigusa tena. Ukoo mzima ulisimama na njaa yake, baba mdogo akaacha kukohoa. Nami nikabaki nimekinga mikono miwili, nimeudhika, machozi yananitoka, namsubiri baba anipe nyama.