Mkono Kifuani

Ghala lile lilinuka ngozi mbichi na chumvi hata baada ya wenye ngozi kulihama, na humo ndimo mimi na Sadia tulimojifunza karate kiangazi kimoja kirefu. Nimelikana jambo hili miaka mingi. Wenzangu chuoni wakiuliza kidole changu kilipindaje, nasema mlango. Kilipindishwa na teke la Sadia, na tangu hapo sijaumizwa na mtu aliyenipenda kama yeye. Mama alinishonea sare kwa magunia ya unga wa msaada, na maandishi ya mgongoni yakatangaza kuwa siuzwi. Sadia alicheka hadi akakaa chini. "Dada, kwani nani ameuliza bei?"

Mwalimu wetu, askari mstaafu kutoka kijiji cha Burat, alitaka tumwinamie kabla ya kila zoezi. Siku moja baba yake Sadia, mfanyabiashara wa mbuzi, alipita mlangoni akamwona bintiye ameinama mbele ya mtu kama aliye kwenye rukuu ya swala. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Sadia, viatu." Akavaa, wakaenda. Wiki hiyohiyo mwalimu akaacha mambo ya kuinama, tukawa tunasalimu kwa kuweka mkono kifuani. Tulimngoja Sadia. Nikasikia amepelekwa kijijini Biliqo kwa shangazi yake. Niliacha karate, nikamchukia mwalimu kwa kuchelewa, na yule baba kwa dini yake. Juu ya chuki hiyo nimejenga usomi mzima. Nimehutubia makongamano kuhusu imani na mwili wa msichana, nikila biskuti za bure.

Juzi, mgongo ukinisumbua, nilitafuta mahali pa mazoezi, nikapata ukumbi wa ndondi za mateke hapa mjini. Wasichana wenye hijabu waliingia mmoja mmoja, mkono kifuani. Mlango upo wazi sasa. Sisi tuliufikia mapema mno. Nilimpigia Sadia, ambaye husalimiana nami kila Idi bila kuutaja mwaka ule, nikamwambia laiti mwalimu angewahi.

Akacheka kicheko kile cha magunia.

"Mwalimu alikuja kwetu jioni ileile, dada. Akamwambia baba hatutainama tena. Baba akamshukuru, akampa chai. Alipotoka, nikaambiwa nifungashe nguo, shangazi anataka msichana wa kuchota maji. Yeye na baba walikuwa wamepanga tangu kiangazi kianze." Akavuta pumzi. "Kumbe wewe ulidhani ni dini?"