Maswali ya Mara ya Pili

Truphena Akoth hakuwa mtu wa kupendeka, na simsemi kwa ubaya. Alikuwa muuguzi wa siku nyingi, mkavu wa maneno, anayeweza kukutazama mpaka ukumbuke kwamba hukunawa mikono. Nilifanya kazi naye hospitalini Busia, mimi kwenye dirisha la dawa, yeye chumba kilichopakana na changu, kwenye kliniki ya wagonjwa wa akili. Watu walimwogopa. Mume wa binti yake aliwahi kukutana naye ghafla karibu na soko, akajitosa mtaroni na baiskeli yake na samaki wake wote, maana kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni wala hakai naye chumba kimoja. Uwe Mluo, Mluhya au Mteso, hapo hatubishani. Truphena alipita akiangalia upande mwingine, kama adabu inavyotaka, lakini siku hiyo alicheka peke yake mpaka saa ya chai.

Mwaka wa tisini na saba alikuja Daktari Onyuka, kijana mpole kutoka Nairobi, na maswali yake. Alitaka kujua watu wazima wanaougua akili walipitia mateso gani utotoni. Kabla ya hapo ilibidi ayapime maswali yenyewe. Mtu wa Busia akiulizwa, anaelewa anachoulizwa? Na akiulizwa tena baada ya wiki mbili, atajibu vilevile? Majibu yakibadilika ovyo, basi swali halifai. Kazi ya kuuliza akapewa Truphena.

Taabu zilianza mapema. Wagonjwa wakiulizwa kama walipigwa utotoni, walicheka. "Sista, kwani wewe hukulelewa?" Ikabidi yeye na daktari wakae chini, walipange swali upya: ulipigwa mpaka alama zikabaki, mpaka ukalala nje kwa kuogopa kurudi nyumbani? Hapo kicheko kilikatika. Na lile la kuuliza mara mbili nalo likaleta yake. Hapa mpakani, anayekuuliza jambo lilelile mara ya pili ni askari au mtu wa forodha, na anakuuliza kwa sababu hakukuamini. Taniboi mmoja, msaidizi wa dereva wa lori, alisimama kwa hasira. "Si nilikuambia hiyo maneno juzi? Nyinyi ni kastamu ama ni hospitali?"

Ndipo akaletwa Amoit. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, aliyeokolewa katikati ya malori kule Malaba akitembea huku ameziba masikio. Aliyemleta alikuwa Emukule, wakala wa kutoa mizigo forodhani, mtu wa suti na viatu vinavyong'aa, ambaye kila dereva alimjua. Mama yake Amoit alifariki mtoto angali mdogo, akalelewa na mama yake mdogo, na Emukule ndiye mume wa huyo mama mdogo. Alimtangazia kila mtu. "Mimi ndio baba yake. Hii mtoto nimelea tangu ikiwa hivi," na mkono wake ulionyesha kimo cha meza.

Siku ya maswali ya kwanza alivuta kiti mpaka goti lake likagusa la Amoit. Daktari alimwomba asubiri nje. Akatabasamu. "Nikitoka natoka na yeye, boss. Si mimi ndio nilimleta?" Na angeweza kweli, kwani ndiye aliyekuwa mlezi, na dawa zilikuwa ndio kwanza zinaanza kumtuliza msichana. Daktari akampa Truphena karatasi. Truphena akasoma, na kila swali Emukule alilijibu kabla Amoit hajafungua mdomo. "Hapana. Hiyo hakuna kwetu." Walipofika kwenye swali la mtu mzima kumgusa mtoto kwa njia mbaya, hakujibu. Alimgeukia Amoit, akangoja. Amoit akasema hapana, akivitazama vile viatu.

Truphena alikuja dirishani kwangu amekunja uso.

"Yule mtu namchukia," alisema.

Nilimwambia hana ushahidi. Akanijibu kwamba hakuniomba ushahidi, ameniomba panadoli.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Wiki mbili zikiisha, Amoit angeulizwa mara ya pili, na siku hiyohiyo angeruhusiwa kwenda nyumbani. Nyumbani ni kwa Emukule. Akiondoka na zile hapana zake, hakuna mtu angemuuliza tena maisha yake yote. Kumtoa Emukule chumbani kwa nguvu ni kumpa sababu ya kuondoka naye mapema. Na kumshtaki, utamshtaki kwa lipi? Truphena aliacha hata kunikemea wiki ile, nikajua mambo ni mazito.

Asubuhi moja nilipeleka dawa wodini, nikamkuta ameketi kitandani kwa Amoit. Alikuwa akimuuliza swali ambalo halikuwa la daktari.

"Mama yako mdogo, mama yake bado yuko?"

"Tata? Yuko," alisema Amoit. "Yuko Adungosi."

Tata kwa Kiteso ni nyanya. Truphena alinitazama, na uso wake ulikuwa umefunguka.

Siku ya soko alipanda boda boda, akapelekwa kwa baiskeli mpaka Adungosi, akamkuta nyanya Apeduno akiuza karanga. Hakumwambia lolote kuhusu maswali. Siri ya mgonjwa ni siri, na zaidi ya hayo hakuwa na la kusema. Alimwambia tu kwamba mjukuu wake anatoka hospitali Alhamisi, na ingefaa nyanya awepo, akae pale mlangoni.

"Na yule mkwe atakuwa?" aliuliza Apeduno.

"Atakuwa, mama."

"Basi mimi siwezi kaa hapo."

"Wewe kaa tu mlangoni," Truphena akamwambia. "Yeye atajua pahali ataenda."

Mama yule akaendelea kupima karanga. Hakusema ndiyo wala la, na Truphena alirudi Busia bila kujua kama amefanya kitu au amepoteza asubuhi.

Alhamisi Emukule aliwahi. Malori yalikuwa yanamngoja Malaba, na hakuficha haraka yake. Truphena akaanza kutafuta kalamu. Akaipata, ikawa haiandiki. Akaenda kutafuta nyingine. Akamuuliza Emukule kama atakunywa chai. Mimi nilikuwa dirishani macho yangu yako getini, nikihesabu vidonge vilevile na kuvisahau. Getini walipita watu wa kila namna isipokuwa yule tuliyemtaka.

"Sista, andika hapana zote twende," nilimsikia Emukule kupitia ukutani. "Si ulishauliza?"

"Lazima nisome."

"Basi hakuna kusoma."

Kiti kikasukumwa. Alitokea mlangoni amemshika Amoit juu ya kiwiko, na msichana anamfuata bila kupinga, macho chini. Truphena alikuwa nyuma yao, mikono mitupu, na kwa mara ya kwanza nilimwona ni mzee.

Hapo ndipo nyanya Apeduno alipokata kona ya jengo na kikapu chake. Alikuwa ameingia kwa geti la nyuma. Alimwona mkwe wake, akajifunika uso kwa leso, akageuka kumpa mgongo. Lakini hakuondoka. Aliketi palepale kwenye ngazi ya mlango, kikapu miguuni, akaziba njia yote.

Emukule aliuachia mkono wa Amoit. Akarudi ndani kinyumenyume. Chumba kile kilikuwa na mlango mmoja tu. Nilisikia dirisha likifunguliwa, na mtu mzima na suti yake akaangukia kwenye maua. Watu wa foleni walicheka mpaka wakashikana. Truphena aliokota kiatu kilichobaki ndani, akamtupia, akafunga dirisha.

Emukule alikwenda kusimama nje ya geti, akamtuma mlinzi.

"Mama, anasema utoke hapo."

"Mwambie nimechoka na safari," alijibu Apeduno bila kugeuka.

Mlango ukafungwa. Majibu siyajui, na ningeyajua nisingekuambia. Nilisikia sauti ya Truphena ikisoma maneno yaleyale kwa mpangilio uleule, kama alivyoagizwa. Kisha sauti ya Amoit, ambayo ilipoanza haikusimama, na kilio ambacho sikujua ni cha nani kati yao. Nikaendelea kuwahudumia watu wangu.

Mlango ulipofunguliwa, Amoit alikwenda kuketi ngazini kando ya nyanya yake. Hakuna aliyemwambia aseme. Alianza mwenyewe, kwa Kiteso, polepole. Kiteso changu ni cha kununulia mtama tu, lakini niliona mkono wa mama yule ukiacha kuchambua karanga.

Ndani, Daktari Onyuka alikuwa ameziweka karatasi za mara mbili pamoja. "Hazilingani hata swali moja," alisema.

"Za kwanza alijibu Emukule," Truphena akasema. "Amoit ameulizwa mara moja tu. Leo."

Daktari akatikisa kichwa kukubali, akauliza sasa itakuwaje. Truphena akasema hajui, na kwamba anaogopa.

Amoit hakurudi Malaba, wala mama yake mdogo hakukaa huko. Walihamia Adungosi wote wawili. Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile nyanya Apeduno alisimama, akaitoa leso usoni, akajifunga kiunoni. Alivuka uwanja kuelekea getini. Emukule alipomwona anakuja, aligeuza uso kwenye ua kwa heshima, kama mkwe yeyote. Hakukuwa na mtaro wala dirisha la kurukia. Yule mama akasimama karibu naye kabisa, akalitaja jina ambalo hakuwa amelitamka tangu alipomwoza binti yake, akasema kwa Kiswahili ili foleni nzima isikie.

"Emukule. Geuka uniangalie."